Kuchagua Trela la Hema: Pima Gari, Hesabu Watu, Uliza Nyumbani

Na Mwandishi Wetu

Ndugu msomaji, mapumziko ya familia si anasa. Mzazi anayetoka alfajiri na kurudi usiku, mwaka mzima, huishia kuwa mpangaji katika nyumba yake mwenyewe. Watoto huvijua viatu vyake mlangoni kuliko wanavyoyajua mazungumzo yake. Ndiyo sababu kila jamii ina namna yake ya kuwakusanya watu wa nyumba moja mahali pamoja, mbali na shughuli. Sisi huenda kijijini kwa wazee. Huko Marekani na Kanada, shule zinapofungwa wakati wa majira ya joto, familia nyingi hupiga kambi msituni, mlimani au kando ya ziwa.

Katika nchi hizo sasa wamo ndugu zetu wengi wasemao Kiswahili. Wamo Watanzania na Wakenya waliokwenda kusoma na kufanya kazi, na wamo Wakongo na Warundi waliopewa makazi mapya huko baada ya kuishi miaka mingi katika kambi za wakimbizi. Katika miji kama Lexington, jimbo la Kentucky, na Boise, jimbo la Idaho, si ajabu kusikia Kiswahili sokoni na kanisani. Watoto wa jamaa hao huona majirani wakiondoka Ijumaa jioni na kisanduku chenye magurudumu nyuma ya gari, nao huuliza: "Sisi tutakwenda lini?" Hapo ndipo wazo la kununua trela la hema huingia nyumbani.

Makala haya yanamhusu mzazi huyo. Yanakuhusu na wewe uliye huku nyumbani, ambaye mwanao au ndugu yako huenda akakupigia simu kutaka ushauri. Chombo chenyewe huenda hujakiona, lakini baada ya kusoma utajua la kumwuliza.

KITU CHENYEWE

Trela la hema ni sanduku pana na fupi la bati, mbao na chuma, ambalo aghalabu hukaa juu ya ekseli moja na magurudumu mawili. Likiwa barabarani halizidi sana kimo cha kifua cha mtu mzima. Likifika kambini, mwenyewe huzungusha mkono wa winchi, na waya za chuma zinazopita katika makapi hulisukuma paa juu kwa pembe zote nne. Kisha vitanda viwili huvutwa nje, kimoja mbele na kimoja nyuma, kama mtu avutavyo mtoto wa meza. Kuta za turubai zenye madirisha ya wavu hukazwa, na sanduku lililokuwa kimya limegeuka chumba chenye vitanda, meza, viti na pengine jiko la gesi na jokofu dogo.

Vyombo hivi vilienea sana Marekani katika miaka ya 1960 na 1970. Mmoja wa waliovisambaza ni Lloyd Bontrager wa Middlebury, jimbo la Indiana. Mwaka 1968 alianza kuviunda katika mabanda ya kuku ya shamba lake, akitumia mtambo wa kuinulia paa alioubuni mwenyewe. Kampuni yake ya Jayco baadaye ilikua ikawa miongoni mwa kampuni kubwa za matrela nchini humo.

Faida za trela la hema ni bayana. Ni jepesi kuliko nyumba ya magurudumu yenye kuta ngumu, upepo haulisukumi sana barabarani, na familia hulala juu ya ardhi yenye unyevu. Kasoro zake nazo si za siri. Turubai haizuii baridi wala kelele, mvua ikinyesha hulowa, na kila ufikapo mahali lazima ulikunjue na uondokapo ulikunje. Asiyependa kazi hiyo asijidanganye kwamba ataipenda akishanunua.

Ipo pia aina ambayo kuta zake ni ngumu na hukutana juu kama paa la nyumba. Hiyo husimama kwa dakika chache na hustahimili baridi zaidi, lakini nafasi yake huwatosha watu wawili au watatu tu. Mwenye watoto wanne atarudi kwenye turubai.

ANZA NA GARI

Kosa kubwa la wanunuzi ni kulipenda trela kwanza, kisha kuliuliza gari baadaye. Yafaa kufanya kinyume chake. Fungua kitabu cha gari lako utafute uzito ambao gari hilo limeruhusiwa kuvuta. Magari mengi ya familia ya aina ya minivan, yakiwa yamefungiwa vifaa vinavyotakiwa, huruhusiwa ratili 3,500, yaani kama kilo 1,590. Magari madogo huruhusiwa kidogo zaidi ya nusu ya hapo au pungufu, na mengine hayaruhusiwi kuvuta chochote.

Muuzaji akikutajia uzito wa trela, aghalabu atakutajia uzito wa trela tupu. Lakini hakuna familia inayopiga kambi na trela tupu. Tuchukue mfano wa trela la kilo 900. Ongeza maji lita 75, ambayo ni kilo 75. Mtungi wa gesi uliojaa, kilo 17. Betri, kilo 23. Halafu vyakula, sufuria, blanketi, nguo na viti, tuseme kilo 150. Jumla ni kilo 1,165. Kwenye ubavu wa trela kuna kibandiko kinachoonyesha uzito wa juu kabisa ambao ekseli, matairi na fremu yake vinaweza kubeba. Jumla yako isiupite uzito huo, wala usiukaribie kiasi cha kubaki bila nafasi ya kupumua.

Liko jambo la pili ambalo wengi hawalijui. Sehemu ya uzito wa trela hulala juu ya chuma cha kuvutia kilichofungwa nyuma ya gari. Sehemu hiyo inatakiwa iwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote. Ikipungua, trela huanza kuyumba kama mkia wa samaki, na huko kuyumba ndiko kunakopindua magari. Ikizidi, nyuma ya gari hudidimia na magurudumu ya mbele hupoteza nguvu ya kushika barabara. Kwa trela letu la kilo 1,165, uzito huo ni kama kilo 117 hadi 175.

Sasa uzito huo huhesabiwa kama mzigo wa gari, pamoja na abiria. Katika magari ya Marekani, ufunguapo mlango wa dereva utaona kibandiko kinachotaja jumla ya kilo za watu na mizigo ambazo hazipaswi kuzidishwa. Tuseme kibandiko chako kinasema kilo 550. Baba ana kilo 85, mama 72, na watoto watatu wana 45, 35 na 25. Hao ni kilo 262. Ongeza kilo 140 za trela zinazolala kwenye chuma, utapata 402. Zimebaki kilo 148 tu kwa mizigo yote ya ndani ya gari. Akija bibi na begi lake, hesabu inabadilika. Ni afadhali kuifanya hesabu hii mezani kuliko kufundishwa nayo mlimani, breki zikinuka.

Breki nazo zina sheria zake. Majimbo mengi ya Marekani hulazimisha trela liwe na breki zake lenyewe likifikia ratili 3,000, yaani kama kilo 1,360. California huanzia ratili 1,500 kwa matrela ya kambi. Lakini sheria ni kiwango cha chini. Mzazi mwenye watoto nyuma ya kiti chake atafute trela lenye breki hata kama sheria haimdai.

HESABU WATU, SI VITANDA

Matangazo husema: "Hulala watu sita" au "wanane." Uliza ni watu gani. Watengenezaji huhesabu vile vitanda viwili vya kuvuta, kisha huigeuza meza na viti vyake kuwa kitanda cha tatu. Kitanda hicho cha meza humfaa mtoto. Mtu mzima atakilalia, lakini asubuhi atasema na mgongo wake. Tena, maadamu kuna mtu amelala juu ya meza, hakuna anayeweza kunywa chai mezani. Mvua ikinyesha siku nzima ndipo utakapojua maana yake.

Sanduku hupimwa kwa futi: 8, 10, 12 au 14, yaani kama mita 2.4 hadi 4.3. Familia ya wazazi wawili na watoto wawili wadogo inaweza kutoshwa na futi 8 au 10. Wenye watoto watatu au wanne waangalie futi 12. Kumbuka kwamba kipimo hicho ni cha sanduku lililokunjwa. Vitanda vikishavutwa urefu huongezeka sana, na si kila kiwanja cha kambi kina nafasi ya kutosha.

Kisha yafikirie mambo ya heshima ya nyumbani, ambayo wauzaji hawatakutajia. Je, kuna pazia imara kati ya kitanda cha wazazi na cha watoto? Binti wa miaka 14 na kaka yake wa miaka 12 watavalia wapi? Bibi akihitaji kutoka usiku, atashuka vipi kutoka kitanda kilicho karibu na kimo cha kiuno, na choo kiko umbali gani? Mwenye kutawadha kabla ya alfajiri atapata maji bila kuwaamsha wote? Nendeni kulitazama trela mkiwa familia nzima, kila mtu apande kitanda chake alale dakika tano. Aibu ya kulala dukani mchana hupita upesi.

KAGUA KWA MIKONO YAKO

Kwa kuwa trela jipya ni ghali, familia nyingi hununua lililokwisha kutumika. Hakuna ubaya, ilimradi ulikague mchana, kukiwa na mwanga na bila haraka. Muuzaji asiyetaka ulikunjue ana sababu yake, na sababu hiyo si ya kukufaa wewe.

Kwanza, paa. Liinue na kulishusha mara tatu. Pembe zote nne zipande kwa pamoja. Moja ikichelewa, waya au kapi lina kasoro. Tazama kama waya zimeanza kuchanika nyuzi au kushika kutu. Usiingize kichwa wala mkono wa mtoto chini ya paa ambalo halijawekewa vizuizi vyake, kwa kuwa winchi ikiteleza paa halisubiri.

Pili, turubai. Ingia ndani, funga madirisha yote, kisha tazama juu. Kila tundu litajionyesha kwa nukta ya mwanga. Nusa: harufu ya koga haidanganyi, na koga lililokwisha kuingia katika turubai ni shida kuliondoa lote. Vuta kila zipu mwanzo hadi mwisho. Turubai jipya hupatikana kwa kushonesha, lakini bei yake inaweza kukaribia bei uliyolinunulia trela lenyewe kuukuu.

Tatu, sakafu na paa. Kanyaga pembeni, hasa karibu na mlango na chini ya vitanda. Mahali panapobonyea, mbao zimeoza, na maji yaliyoziozesha bado yanajua njia.

Nne, matairi. Matairi ya trela huzeeka kwa miaka kuliko kwa safari, hivyo meno mazuri yasikuhadae. Ubavuni mwa tairi tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Zikiwa 3519, tairi lilitengenezwa katika wiki ya 35 ya mwaka 2019. Lililopita miaka mitano au sita libadilishwe, nawe ipunguze gharama hiyo katika bei. Zungusha gurudumu likiwa juu ya jeki usikilize beringi. Likikwaruza, halijapakwa grisi siku nyingi.

Tano, gesi na umeme. Mwombe muuzaji aliwashe jokofu siku moja kabla, maana jokofu la gesi huchukua saa nyingi kupoa. Paka povu la sabuni kwenye maungio ya bomba la gesi. Likitoa mapovu, gesi inavuja. Taa za nyuma ziwake zote trela likiwa limeunganishwa na gari lako, si la muuzaji.

Mwisho, hati. Namba iliyogongwa kwenye fremu iwe sawa na ile ya hati ya umiliki, na muuzaji awe ndiye mtajwa. Trela lenye deni la benki linaweza kufuatwa na benki hata likiwa uani kwako.

FEDHA NA MAHALI PA KULIWEKA

Kupanga ni kuchagua. Trela jipya laweza kugharimu dola 10,000 hadi kuzidi 20,000, na wauzaji hupenda kutaja malipo ya mwezi badala ya bei. Tuchukue mfano wa mkopo wa dola 15,000 kwa riba ya asilimia 9, kulipwa kwa miaka 10. Kila mwezi utalipa kama dola 190, jambo linaloonekana jepesi. Lakini mwisho wa yote utakuwa umelipa kama dola 22,800. Ikiwa familia italala humo usiku 10 kila mwaka, hizo ni siku 100 kwa miaka 10, na kila usiku umegharimu dola 228 kabla ya bima, matairi na ada ya kiwanja. Kwa fedha hizo wengi wangelala hotelini na kuletewa chai. Trela la mtumba lililonunuliwa taslimu kwa dola elfu chache, na likatunzwa, huleta hesabu tofauti kabisa.

Swali la mahali pa kuliweka ni zito vilevile. Ndugu zetu wengi huko hupanga katika majengo ya ghorofa, na mikataba mingi ya nyumba hizo hukataza trela katika maegesho. Kulikodishia nafasi kwingine ni gharama ya kila mwezi, hata wakati wa theluji ambapo halitumiki. Tena turubai lililokunjwa likiwa bichi lazima likunjuliwe na kukaushwa ndani ya siku moja au mbili, la sivyo koga litaingia. Mtu anayerudi Jumapili usiku na mvua, na Jumatatu alfajiri yuko kazini, atalikunjulia wapi? Asiye na jibu la swali hili asinunue mwaka huu, akodi.

ULIZA NYUMBANI

Kuna jambo moja ambalo halimo katika orodha za ukaguzi. Si kila mtu huliona hema kwa jicho moja. Kwa jirani Mmarekani, hema ni likizo. Kwa mama aliyekimbia Kivu akalala chini ya turubai la msaada, akalea watoto huko Nyarugusu, mkoani Kigoma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996, hema laweza kuwa neno la foleni, matope na hofu ya usiku. Watoto waliozaliwa baadaye hawajui hilo, na baba mwenye furaha ya kununua anaweza kulisahau.

Basi aulizwe, tena aulizwe faraghani, mahali ambapo hatalazimika kukubali kwa ajili ya watoto. Wapo watakaosema kwamba kulala hemani kwa hiari, ukiwa na ufunguo wa gari mfukoni na nyumba ya kurudia, ni jambo jingine kabisa, nao watafurahi. Wapo watakaosema hapana. Hapana hiyo ina uzito kuliko kilo zote tulizohesabu hapo juu. Familia hiyo yaweza kukodi kibanda cha mbao katika hifadhi, na watoto wakaona ziwa lile lile.

Hata palipo na ridhaa, kodini kwanza kwa siku mbili. Usiku mmoja wa mvua utawafundisha mengi.

WAKATI WA KAMBI

Mawili ya usalama hayana budi kutajwa. La kwanza ni jiko. Sisi tumezoea mkaa, lakini jiko la mkaa halipaswi kuingizwa ndani ya trela, hata kwa kupasha joto, hata likiwa limebakiwa na majivu mekundu tu. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo huua watu wakiwa usingizini. Pikeni nje, na hakikisheni kengele ya kugundua hewa hiyo inafanya kazi na haijapitwa na tarehe.

La pili ni dubu. Katika baadhi ya hifadhi, trela la turubai huhesabiwa kuwa hema. Katika kambi ya Fishing Bridge, ndani ya hifadhi ya Yellowstone, huruhusiwi kulala humo, kwani panatakiwa kuta ngumu. Huko Lake Louise, Kanada, kambi ya mahema na matrela ya turubai imezungushiwa uzio wa umeme. Ulizia kanuni kabla ya kusafiri kilomita 1,000, na usiache chakula, hata dawa ya meno, ndani ya turubai usiku.

Ndugu msomaji, trela zuri kwa familia yako ni lile ambalo gari lako linalimudu bila kuhema, mfuko wako unalilipia bila madeni ya kukunyima usingizi, na kila mmoja nyumbani amelikubali kwa kauli yake. Likikosa moja kati ya hayo matatu, liache hapo lilipo. Akikupigia simu mwanao aliye ughaibuni kukuambia kwamba ameona trela zuri la rangi ya samawati na muuzaji anamharakisha, mwulize maswali mawili tu: gari lako linavuta kilo ngapi, na mkeo amesemaje?